Kijiji, shamba na ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu serikali ya kijiji na misaada ya wakulima mkoani Mwanza

Nilikuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka mingi upande wa Misungwi, kabla ya kuanza kazi ninayofanya sasa ya kuzunguka vijijini nikisaidiana na wenyeviti, vikundi vya akina mama na vyama vya wakulima kuelewa mipango ya serikali na jinsi ya kuifikia. Kokote ninakokwenda, iwe Magu, Kwimba, Sengerema, Buchosa au Ukerewe, maswali yanafanana. Haya hapa ni yale yanayorudi kila mara, na majibu ninayotoa nikiwa nimekaa na wazee chini ya mti. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Serikali ya kijiji ni nani? Si ni mwenyekiti na mtendaji tu?

Hapana, na hapa ndipo tunapoanza kupotea. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, chombo cha juu kabisa kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wewe unayesoma hapa, kama umetimiza umri huo na unaishi kijijini, u mjumbe. Huhitaji kuchaguliwa wala kulipa kiingilio.

Chini yake ndipo inakuja halmashauri ya kijiji: wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, akiwemo mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji vyote, na wanawake wasipungue robo ya wajumbe. Hawa huchaguliwa kila baada ya miaka mitano; uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa kijiji hachaguliwi. Ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, na kwenye vikao yeye ndiye katibu. Kwa hiyo mwenyekiti akisema "kijiji kimeamua", una haki ya kumuuliza: kimeamua katika mkutano wa tarehe ngapi?

Mkutano mkuu ufanyike mara ngapi?

Angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo husomwa mapato na matumizi ya kijiji, na taarifa hiyo hiyo hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mkutano wa dharura unaweza kuitishwa wakati wowote kukiwa na jambo zito.

Ninajua vijiji ambavyo havijaitisha mkutano mwaka mzima. Sababu wanayoitoa mara nyingi ni kwamba watu hawaji. Ni kweli hawaji ukiwaita saa nne asubuhi mwezi wa palizi. Katika kijiji kimoja cha ufukweni tulihamishia mkutano saa kumi jioni, siku ambazo mbalamwezi ni kali na wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Uwanja ulijaa. Kalenda ya mikutano ipangwe na watu wanaojua kalenda ya kazi za pale kijijini.

Kwa nini kila ofisi inadai muhtasari?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aniulize.

Muhtasari wa kikao ndio sauti ya kijiji ikiwa imevuka barabara na kufika wilayani. Afisa aliyeko makao makuu ya wilaya hakuwepo kwenye mkutano wenu. Hakuona mikono ikinyooshwa. Anachokiona ni karatasi, na karatasi hiyo ikikosa tarehe, orodha ya waliohudhuria, ajenda, maamuzi, saini ya mwenyekiti na ya katibu, na mhuri, kwake mkutano haukufanyika. Ukitaka kikundi kisajiliwe, muhtasari. Kijiji kikitaka kutoa eneo la kujenga zahanati, muhtasari. Sheria ndogo ya kuzuia mifugo kuingia mashambani, muhtasari.

Nina picha moja ya daftari kichwani mwangu ambayo haifutiki. Ni kaunta buku ya kwaya tatu, jalada jeusi limechanika pembeni na kushikiliwa kwa gundi ya karatasi. Lilikuwa linatunzwa nyumbani kwa mwenyekiti mmoja mzee, juu ya gunia la dagaa, na kurasa zake zilikuwa na harufu hiyo. Ukifungua katikati, unakuta mkutano wa miaka kumi iliyopita: majina 143 yameandikwa kwa mkono, na mbele ya majina ya wasiojua kuandika kuna alama za dole gumba za wino wa zambarau, nyingine zimevuka mstari. Siku alipotokea mtu kutoka mjini akidai aliuziwa ekari kadhaa za malisho ya kijiji, mzee yule hakubishana. Alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye uamuzi namba nne: eneo litabaki malisho. Mgogoro uliisha bila wakili.

Mimi mwenyewe niliwahi kuandika muhtasari kwenye karatasi za kuchomoa, nikazikunja, nikaahidi nitazinakili baadaye. Mvua iliingia ofisini. Kikundi cha akina mama waliokuwa wanalima nyanya kilikosa msimu mzima kwa sababu sikuweza kuthibitisha kwamba mkutano uliochagua viongozi wao ulifanyika. Mayu mmoja, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, aliniambia, "Mwanangu, sisi tulikuja, tukakaa kwenye jua." Sijasahau. Tangu hapo siandiki kikao nje ya daftari.

Mpango wa kijiji chetu unaingiaje kwenye bajeti ya wilaya?

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini ukisubiri Julai umeshachelewa mno. Vitongoji na kijiji vinatakiwa kukaa na kuibua vipaumbele mwishoni mwa mwaka unaotangulia. Mimi huwashauri wawe wamemaliza kabla ya Novemba kwisha. Utaratibu unaotumika unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo: watu wanaanza kwa kuorodhesha walichonacho, kisha kinachowakwamisha, ndipo wanapanga.

Mpango ukipitishwa na mkutano mkuu unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Hapo vipaumbele vya vijiji vyote vya kata vinagombea nafasi. Kisha unakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, kwenye baraza la madiwani, sekretarieti ya mkoa, TAMISEMI (ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), na mwisho Bungeni, ambako bajeti hujadiliwa kuanzia Aprili hadi Juni.

Jambo ambalo vijiji vingi hukosea ni kuandika orodha ndefu. Mipango kumi na minne yote ni "kipaumbele". Kata ikipokea orodha kama hiyo huchagua inavyotaka yenyewe. Andikeni mitatu, muipange kwa namba, na kila mmoja muuwekee mchango wenu: mawe yaliyokusanywa, mchanga, eneo lisilo na mgogoro, nguvu kazi. Mradi ambao wananchi wameshafikisha boma kwenye lenta husikilizwa upesi kuliko mradi ulioko kwenye karatasi peke yake. Diwani wenu apewe nakala mkononi, na mtu mmoja afuatilie kikao cha kata siku hiyo hiyo.

Mikopo ya asilimia 10 bado ipo? Tulisikia imefutwa.

Haikufutwa. Ilisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Msingi wake uko kwenye sheria: kila halmashauri ya wilaya inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba.

Mwanzo wa safari ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kiwe na katiba, kisajiliwe, kiwe na akaunti ya benki na shughuli inayoonekana kwa macho. Maombi sasa hupitia mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo namba za vitambulisho vya taifa za wanachama ziwe sahihi. Jina likitofautiana herufi moja na la kwenye kitambulisho mtasumbuka.

Ushauri wangu ambao haumo kwenye kanuni: msianzishe kikundi kwa ajili ya mkopo. Wale niliowaona wakirejesha vizuri walikuwa tayari wanaweka hisa kila Jumamosi, wana sanduku lenye kufuli tatu, wanajuana hadi tabia. Wale waliokusanyana wiki moja kabla ya fomu kutoka, wengi wao waligawana fedha wakatawanyika. Na deni la halmashauri ni la kikundi. Mmoja akitoroka kwenda visiwani, ninyi mliobaki mnalipa.

Ruzuku ya mbolea naipataje?

Mpango wa sasa ulianza msimu wa 2022/23, na unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Unajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji chako, unataja ukubwa wa shamba na mazao, unapewa namba ya mkulima. Namba hiyo ndiyo unayokwenda nayo kwa wakala kununua mbolea kwa bei ya ruzuku. Kila msimu hakikisha taarifa zako zimehuishwa, kwani aliyejiandikisha mara moja akanyamaza hukuta jina lipo lakini ununuzi unakataa. Mbegu za mahindi nazo ziliingizwa kwenye ruzuku msimu wa 2024/25.

Mambo mawili. La kwanza, taja ekari zako za kweli. Kuna watu wanapunguza wakidhani ni habari za kodi, kisha wanapata mifuko pungufu. La pili, usimpe mtu namba yako "akusaidie kuchukua". Mbolea iliyochukuliwa kwa namba yako imehesabika ni yako, hata kama imelala kwenye shamba la mwingine.

Nikipita kizuizini na gunia zangu, nilipe ushuru?

Ushuru wa mazao ni asilimia ya bei ya shambani, na mlipaji ni mnunuzi, si mkulima. Mwaka 2017 Serikali iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mwaka huo huo iliamuliwa kwamba mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru.

Hebu tuone kwa mfano. Mama ana gunia nane za mpunga za kilo 100, anazitoa Kwimba kwenda kukoboa na kuuza mjini Mwanza. Hizo ni kilo 800, hazifiki tani, hapaswi kutozwa. Mfanyabiashara aliyenunua mpunga wa shilingi 1,000,000 shambani, ushuru wake ni shilingi 20,000. Kila malipo yatoke na stakabadhi ya mashine. Ukiambiwa "toa elfu tano upite, hakuna risiti", hiyo si ushuru. Andika tarehe, saa na mahali, upeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri kwa barua, nakala kwa diwani.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mapato hayo ndiyo yanayozaa ile asilimia 10 ya mikopo. Elfu tano isiyo na risiti imeibwa kwa mama mwenye gunia, na imeibwa mara ya pili kwa kikundi cha vijana kinachosubiri mkopo.

Kwenye pamba tunakatwa makato tusiyoyaelewa. Tumuulize nani?

Muulizeni chama chenu cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, na muulize kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 chama ni cha wanachama, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina maofisa wake mikoani wa kukagua hesabu. Ombeni mchanganuo kwa kila kilo: bei iliyotangazwa, ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama, gharama za mbegu na viuadudu mlivyopewa mwanzoni mwa msimu, na kinachobaki mkononi. Ubandikwe kwenye mlango wa ghala kabla ununuzi haujaanza.

Kuhusu mizani, Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana ya kuihakiki. Mizani iliyohakikiwa ina alama ya mwaka husika. Njoo na jiwe au ndoo ya maji ambayo uzito wake umeupima kwingine. Ni njia ya kizamani lakini inafanya kazi. Na sisi wakulima tuache kumwagia pamba maji na kuchanganya mchanga. Pamba chafu inashusha bei ya kanda nzima, na aliyeshinda shambani akichagua nyuzi safi anaadhibiwa pamoja na mchafuzi.

Wataalamu wa mbegu na nafasi za kupanda wako jirani: kituo cha utafiti cha TARI Ukiriguru kipo Misungwi, na kinafanya kazi ya pamba, mihogo na viazi vitamu. Kikundi kinaweza kuandika barua kuomba kutembelea.

Dengu na choroko kwa stakabadhi ghalani: ni lazima? Kwa nini fedha zinachelewa?

Mfumo huu upo kwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya 2005. Unapeleka mazao ghalani, yanapimwa, unapewa stakabadhi, mnada unafanyika, fedha zinaingia kwenye akaunti au simu yako. Zao gani linalazimika kupita huko hutangazwa kwa msimu, kwa hiyo muulize afisa kilimo au ushirika kabla hujavuna, usisubiri lori likamatwe.

Faida yake nimeiona: wanunuzi wanashindana hadharani, na mkulima wa mbugani Kwimba anajua bei ya siku. Malalamiko yake ni ya kweli vilevile. Mtu mwenye debe tatu za dengu ameziuza ili mtoto apate sare Jumatatu. Hawezi kungoja wiki mbili. Ninachowashauri ni kupunguza ucheleweshaji wa upande wenu: namba za akaunti zihakikiwe kabla ya mavuno, mkulima apeleke dengu zilizopepetwa, na kikundi kiwe na mfuko mdogo wa kumkopesha mwanachama fedha ya dharura akisubiri malipo. Vikundi vya hisa vinaweza hili vizuri sana.

Tunalima mboga ufukweni. Ni kweli tutaondolewa ndani ya mita 60?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa au mto. Kilimo cha matuta pembezoni mwa maji kinaingia hapo, kwa sababu udongo na dawa vinateremka ziwani moja kwa moja.

Najua uchungu wake. Ardhi ya ufukweni ina unyevu mwaka mzima, na mwanamke asiye na shamba kwingine hukodi tuta pale. Lakini pia kumbukeni miaka ya 2020 na 2024, ziwa lilipopanda: matuta yote ya chini yalizama, vyoo vikafurika, mialo, yaani sehemu mitumbwi inapotia nanga, ikahama. Mstari wa maji hausimami mahali pamoja.

Njia inayofaa ni kurudi nyuma ya mita 60 na kuyafuata maji kwa pampu na mabomba. Hapo mtahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ofisi zake ziko Mwanza. Maji ya matumizi ya nyumbani hayahitaji kibali. Ya umwagiliaji yanahitaji. Kikundi kikiomba kibali kimoja kwa pamoja ni nafuu kuliko kila mtu na pampu yake. Na serikali ya kijiji ipange kwa makusudi eneo mbadala kwa wanaohama, kwa muhtasari, kabla ya kuwafukuza. Kumwondoa mtu ufukweni bila kumwonyesha pa kwenda ni kumwambia arudi usiku.

BMU na serikali ya kijiji, nani mkubwa mwaloni?

Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, ambacho sote tunakiita BMU, kinaundwa na wadau wa mwalo: wenye mitumbwi, wavuvi, wachuuzi, wachakataji. Kazi yake ni ulinzi wa samaki na usafi wa mwalo, chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Si chombo cha kugawa ardhi wala kutatua ugomvi wa ndoa. Serikali ya kijiji nayo haitakiwi kuingilia doria za BMU. Panapokuwa na mvutano, mara nyingi ni juu ya fedha za mwalo. Kaeni, andikeni makubaliano ya nani anakusanya nini, afisa uvuvi awepo.

Sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Kokoro, yaani nyavu ya kukokota, na sumu ni marufuku. Wenyeji wanajua haya yote. Wanachouliza kimoyomoyo ni kwa nini mtumbwi wa maskini unachomwa na wa mwenye nacho unapita. Swali hilo liulizwe mkutanoni kwa sauti, na lijibiwe kwa takwimu za doria zilizobandikwa ubaoni.

Mwekezaji anataka ardhi ya kijiji. Halmashauri ya kijiji inaweza kumpa?

Si yenyewe peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi kama mdhamini, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Uamuzi wa wajumbe ishirini uliofanyika ofisini haumfungi mtu.

Je, mwanamke anaweza kuwa na hati ya kimila kwa jina lake?

Ndiyo. Sheria hiyo hiyo inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Wanandoa wanaweza kuandikwa wote wawili kwenye hati moja, na mimi huwaambia wazee wa Kisukuma wanaokuja kuniuliza wakiwa na wasiwasi: andika jina la mama watoto wako ungali hai, usiwaachie wanao kazi ya kugombana kaburini. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba na watatu wawe wanawake; kazi yake ni kusuluhisha.

Barabara, maji, umeme: twende wapi?

Barabara za wilaya na vijijini ziko TARURA tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Maji vijijini ni RUWASA tangu Julai 2019, na skimu huendeshwa na chombo cha watumia maji kilichochaguliwa na wananchi. Umeme vijijini ni REA na TANESCO. Barua ya kijiji ipelekwe huko moja kwa moja, nakala kwa mkurugenzi. Kuipeleka kwa mbunge peke yake ni kuizungusha.

Jirani yangu ana uwezo kunizidi, yumo TASAF, mimi simo. Kwa nini?

TASAF ni mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Majina ya kaya huanza kutajwa kwenye mkutano wa jamii kijijini, kisha kaya huhojiwa kwa dodoso la hali ya maisha, kisha orodha hurudi kuthibitishwa mbele ya wananchi. Hatua ya kusema ni ile ya mkutano. Watu wengi huogopa kumtaja jirani wakanyamaza, kisha wanalalamika kisimani kwa miaka. Kama uliachwa, peleka malalamiko kwa kamati ya mpango kijijini na kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, kwa maandishi.

Sera zinatungwa Dodoma. Mkulima wa Nyehunge, kule Buchosa, atasikika vipi?

Kanda hii ndiyo yenye haki ndogo kuliko zote ya kukata tamaa. Mwaka 1952 wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa kwenye mizani waliungana katika chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa, Paul Bomani akiwa mbele yao, na mwaka 1955 vyama vyao vikawa shirikisho la Victoria. Walianza na lalamiko moja, la mizani. Walihesabu kilichopotea, wakalisema kwa namba.

Leo milango ni kadhaa. Halmashauri zenyewe zina jumuiya yao, ALAT, iliyoanzishwa 1984, inayozungumza na Serikali Kuu kwa niaba ya serikali za mitaa. Diwani na mkurugenzi wenu ndio mlango wake. Wakulima wadogo wana mtandao wa MVIWATA tangu 1993. Miswada inapofika Bungeni, kamati hualika maoni ya wadau, na maoni hayo yanaweza kutumwa kwa maandishi. Barua ya ukurasa mmoja inayosema "mnada ulifanyika tarehe hii, fedha ziliingia tarehe hii, wakulima 61 waliuza kwa walanguzi wakati wakisubiri" ina uzito kuliko hotuba ya saa nzima. Mjumbe anaweza kuisoma kama ilivyo.

Kwa hiyo kijiji kiwe na mtu wa kuandika namba. Siku ya kwanza mbolea ilipofika. Siku mvua ilipoanza. Ekari zilizoliwa na viwavi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kazi hii vizuri, mpeni daftari na posho ya soda.

Mwenyekiti hasomi mapato na matumizi. Tufanyeje bila kuleta ugomvi?

Anzeni kwa heshima: wazee wawili wamwendee nyumbani. Asipoitikia, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji mkiomba taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka mamlaka ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Siku zikipita, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi. Mara nyingi nimeona jambo likiisha kwenye ile barua ya kwanza, kwa sababu mwenyekiti mwenyewe hakuwa mwizi. Hakuwa na mtu wa kumsaidia kujumlisha.

Kijiji chetu hakina ofisi. Daftari la mihtasari likae wapi?

Kwenye sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, mwingine kwa mtendaji. Sanduku likae juu ya kitu, si sakafuni, kwa ajili ya mchwa na maji. Kila baada ya mkutano, watu wawili wapige picha kurasa mpya kwa simu zao, mmoja awe mwanamke mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Mtendaji akihamishwa, makabidhiano yafanyike kwa maandishi mbele ya wajumbe, na kurasa zihesabiwe moja moja kabla hajapanda pikipiki.